Magaga na malengelenge: namna ya kumtibu mbwa wa kulea aliyepasuka nyayo

Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti, sheria ya kazi ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Kila mwenye kampuni anajua, na mfanyakazi mwenyewe anavaa buti. Mbwa wa mtaani anapita lami ileile, saa zilezile, miguu mitupu.

Ndio maana wanaopokea mbwa majumbani wakati wa joto hukutana na jambo moja. Mbwa kafika, kanywa maji, kala, kalala. Kesho yake anaitwa, hataki kusimama. Ukimgeuza mguu unaona sababu: unyayo mkavu umechanika kama udongo wa kiangazi, au ngozi ya juu imebanduka na chini kumebaki kwekundu.

Mbwa hawa si wa kufuga moja kwa moja. Ni wa kulea kwa muda. Watu wa kujitolea wanamuokota barabarani, hawana pa kumweka, wanaomba familia imhifadhi wiki kadhaa mpaka apatikane wa kumchukua kabisa. Katika nyumba zetu mara nyingi anayeanzisha ni kijana: binti wa chuo au mtoto wa skuli anakuja na picha kwenye simu, "Baba, wiki tatu tu." Baba akikubali, kazi ya miguu ile inaangukia nyumba nzima. Na mbwa ambaye miguu haijapona hapati mwenyewe, kwa hiyo wiki tatu zinakuwa miezi mitatu.

Habari njema ni kwamba nyayo nyingi hupona nyumbani kwa maji, chumvi, bandeji na subira. Habari ngumu ni kwamba mafuta pekee hayatoshi. Lazima kwanza ujue nini kimeupasua unyayo, na umwondolee mbwa kile anachokanyaga. Ukipaka huku anarudi palepale, utapaka mpaka mwaka uishe.

Soli ya Mungu

Chini ya mguu wa mbwa kuna vijitakia: vinne vidogo vya vidoleni na kimoja kikubwa cha katikati. Miguu ya mbele ina kingine kidogo kwa juu, nyuma, ambacho kwa kawaida hakigusi chini. Ndani ya vijitakia hivyo mna mafuta yanayopunguza kishindo, na nje kuna ngozi nene kupita sehemu nyingine yoyote ya mwili wake. Hiyo ndiyo soli aliyoumbiwa.

Lakini soli hii ina damu, ina fahamu, inauma. Hata tezi za jasho za aina tuliyonayo sisi mwili mzima, mbwa anazo nyayoni. Na tabu yake kubwa ni mahali ilipo. Jeraha la mgongoni unaweza kuliacha likapumzika. La unyayoni, kila hatua inalifungua upya, na kila likifunguka linaingia mchanga. Ndipo unapoona kidonda kidogo kinachukua wiki.

Nini kimeupasua?

Kwa huku Ghuba, cha kwanza kufikiria ni joto la ardhi. Hewa ikiwa nyuzi 40, lami iliyopigwa jua tangu asubuhi inaweza kupita nyuzi 60, na kwa joto hilo ngozi inaungua kwa muda mfupi sana. Mchanga mkavu nao hivyohivyo. Vifuniko vya chuma vya mashimo ya barabarani na sakafu ya nyuma ya pikapu ni vibaya zaidi. Nyasi za plastiki, zile tunazotandika uani zikapendeza, hushika joto kuliko nyasi za kweli. Na lami haipoi jua linapozama. Baada ya Magharibi mtu anatoka na mbwa akidhani pamekucha kwa baridi, kumbe chini bado panachoma.

Kipimo ni chepesi: weka nyuma ya kiganja chako chini, hesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, mbwa naye hawezi.

Cha pili kiko ndani ya nyumba zetu wenyewe, na watu hawakifikirii. Kwa kuwa mbwa yuko uani na watu wana wasiwasi wa najisi, sakafu inapigwa klorini asubuhi, dawa ya kuulia vijidudu jioni, tena kali, bila ya kusuuzwa. Mbwa analala juu yake na kuikanyaga kutwa. Dawa hizo hukausha unyayo, huuwasha, na mbwa akijilamba zinamwingia tumboni. Sakafu isafishwe, hapana neno, lakini mwondoe mbwa kwanza, isuuze kwa maji mengi, iache ikauke, ndipo arudi.

Cha tatu ni miiba na takataka. Anayetoka wadi au pembeni ya mji amepita chini ya migunga na mikunazi, na miba yake inaingia ikavunjikia ndani. Vigae vya chupa, waya, lami mbichi iliyoganda katikati ya vidole pamoja na nywele, kupe waliojificha humo humo, yote haya humfanya achechemee na kujilamba. Kama ni mguu mmoja tu unaouma, tafuta mwiba kabla ya kutafuta ugonjwa.

Cha nne ni chakula. Mbwa aliyeishi kwa mkate na wali wa jalalani anakosa mafuta mazuri, protini na madini, na ngozi ndiyo inayolipa. Kuna mbwa wa aina ya husky na malamute, wa nchi za barafu, ambao hata huku kwenye joto watu huwanunua kwa ajili ya macho yao. Baadhi yao wamezaliwa na miili isiyofyonza vizuri madini ya zinki. Hao hutoka magamba kuzunguka macho na mdomo, na nyayo zao hupasuka. Haponi kwa kupakwa. Anahitaji vidonge vya zinki kwa kipimo cha daktari wa wanyama, kwa sababu zinki ikizidi ni sumu.

Cha tano ni maradhi. Hapa ndipo penye hatari, kwa sababu magaga ya ugonjwa yanafanana na magaga ya jua. Angalia hivi: kama nyayo zote nne zimekuwa ngumu kama gamba, na pua nayo imekauka na kupasuka, na mbwa ana homa, makamasi, matongo, kikohozi au kuharisha, huenda ni distempa. Huo ni ugonjwa wa virusi wa mbwa wasiochanjwa. Binadamu haumpati, lakini mbwa wengine wa jirani wanaweza kufa. Mtenge, piga simu kwa daktari kabla hujampeleka, usimkalishe ukumbini na wagonjwa wengine. Kuna pia lishmania, inayoletwa na usubi na inayopatikana katika sehemu za Bara Arabu: mbwa anakonda, manyoya yanapukutika machoni, kucha zinarefuka kupita kiasi, nyayo zinakauka. Na kuna safura ya mbwa, minyoo ambayo vijana wake huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu. Hiyo hata watoto wanaocheza pekupeku kwenye mchanga wenye kinyesi cha mbwa inaweza kuwatoboa na kuwaacha na muwasho unaotambaa. Kwa hiyo dawa ya minyoo na kuzoa kinyesi kila siku ni sehemu ya tiba ya mguu.

Kazi ya siku ya kwanza

Isifanywe na mtoto peke yake. Wawepo watu wazima wawili: mmoja anashika kichwa na kumsemesha, mwengine anashika mguu. Mbwa mpole kuliko wote akiguswa kidonda anauma. Hana nia mbaya, ni maumivu. Kama kikundi kilichomleta kina kifunga mdomo cha kitambaa, kiombe. Ila usimfunge mdomo mbwa anayehema kwa joto, maana kuhema ndiyo njia yake ya kujipoza.

Waulize pia jambo hili mapema: amechanjwa kichaa cha mbwa? Cheti kiko wapi? Kichaa kipo Oman, hasa kwa mbweha, na mbwa wa porini anaweza kuwa amegombana naye. Akimuuma mtu, au akimparura, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usingoje uone kama mbwa ataumwa.

Vaa glavu. Tayarisha maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, koroga. Osha mguu mmoja mmoja kwa kumimina taratibu, ukipanua vidole uone katikati. Mwiba unaoonekana utoe kwa kibano. Uliozama usiuchimbe kwa sindano. Huo ni wa daktari. Lami iliyoganda ilainishe kwa mafuta ya kupikia, usubiri, uifute, urudie. Petroli na tina visiguse mguu. Nywele zilizosokotana kata kwa mkasi wenye ncha butu. Halafu kausha vizuri kwa taulo lake mwenyewe, hasa katikati ya vidole, maana unyevu uliokaa huko huleta fangasi.

Kama ameungua sasa hivi, yaani amekimbia lami mchana huu na unyayo umekuwa mwekundu au una lengelenge, kazi ya kwanza ni kupoza. Maji ya ubaridi wa kawaida yapite juu ya mguu kwa dakika 10 mpaka 20. Sasa wewe uliyeko Muscat au Dubai unajua tatizo: mwezi wa Julai, maji ya bomba yanayotoka kwenye tangi la juu ya paa yanaunguza yenyewe. Yajaribu kwa mkono wako kwanza. Tumia yale ya hita iliyozimwa, au changanya na chupa za friji. Barafu usimwekee moja kwa moja, inaua ngozi iliyokwisha kuumia. Lengelenge usilipasue, na kipande cha unyayo kinachoning'inia usikikate.

Baada ya hapo utenganishe aina mbili. Magaga makavu, mipasuko isiyo na damu wala maji, yanataka kulainishwa: vaselini isiyo na manukato, au mafuta ya nazi, au mafuta yenye nta ya nyuki, kidogo tu, mara mbili kwa siku, baada ya kufutwa na kukaushwa. Mpakie wakati wa kula, ashughulike na sahani kwa dakika kumi badala ya kulamba. Kidogo nasema, kwa sababu unyayo ukilainika kupita kiasi unakuwa kama wa mtoto mchanga na kesho unachanika kwa changarawe ndogo. Ukiona mipasuko imefunga na ngozi imerudi kunyumbuka, punguza.

Kidonda kilicho wazi, chenye damu au majimaji, hakitaki kujazwa mafuta. Kinataka usafi, shashi isiyonata, na dawa aliyoichagua daktari.

Vya kabatini visivyofaa

Nyumba zetu zina dawa nyingi za jadi, na mtu mwenye huruma hukimbilia alichokizoea. Basi tuseme wazi.

Mafuta ya karafuu yanayotulizia jino yanaunguza kidonda, na mbwa akiyalamba yanamdhuru. Hali kadhalika mafuta ya mkaratusi. Limau na chumvi ya kusugua, siki, spiriti: vyote vinaunguza nyama hai na kumfundisha mbwa asikupe mguu tena.

Krimu ya watoto ya upele wa nepi, ile nyeupe, ina zinki oksaidi. Kwa mtoto ni salama kwa sababu halambi matako yake. Mbwa atalamba mguu mpaka ausafishe, na zinki ikijaa mwilini inavunja chembe za damu. Losheni ya kalamaini ya waridi nayo ina zinki.

Dawa za maumivu za binadamu, hapana kabisa. Paracetamoli na ibuprofeni, kwa kipimo ambacho wewe unakiona kidogo, zinaweza kumharibu mbwa ini, figo au tumbo. Anaumwa, ndiyo, mpe ile aliyoandikiwa yeye.

Na hina? Swali zuri, kwa sababu si jambo geni. Mabedui wafugao saluki, mbwa wa kuwindia mwenye miguu mirefu, wamekuwa tangu zamani wakimpaka hina miguuni, kwa kuamini kwamba hukaza unyayo. Hina safi ya majani kwenye unyayo mzima haijulikani kwa ubaya. Lakini haiponyi mpasuko wenye damu, na rangi yake inaficha wekundu na usaha ambao ndio unaotakiwa uuone kila siku. Kwa hiyo kwa mgonjwa, iache. Piko usilifikirie kamwe. Tunajua lilivyowababua maharusi mikono kwa kemikali ya rangi ya nywele iliyomo. Kama linamfanyia hivyo mtu mwenye ngozi nzima, seuze mbwa mwenye kidonda.

Asali, alhamdulillahi, ina nafasi. Madaktari wa wanyama hutumia asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda, chini ya bandeji. Ya mezani usiitumie bila kumuuliza, na usiipake ukaacha wazi. Utaita sisimizi wa mtaa mzima.

Kufunga bila kuumiza

Bandeji ya mguu wa mbwa inaweza kuponya au kukata mguu. Weka pamba kidogo katikati ya vidole, shashi isiyonata juu ya kidonda, kisha bandeji laini kutoka chini kwenda juu. Vidole viwili vya katikati viachwe vionekane ncha, ili uvichungulie. Kidole chako kiweze kupita chini ya bandeji bila nguvu. Vidole vyake vikivimba, vikitengana au vikiwa baridi, umekaza. Fungua sasa hivi, usingoje asubuhi.

Badilisha kila siku, na kila ikilowa. Akienda kujisaidia, mvalishe mfuko wa plastiki juu ya bandeji, akirudi uvue, maana plastiki ikikaa inatoa jasho. Soksi ya mtoto juu yake inasaidia kuzuia uchafu. Mpira wa kufungia nywele usiutumie kushikilia soksi. Unazama kwenye manyoya, unakata damu, na hauonekani.

Kulamba ndiko kunakoharibu kazi. Watu husema mate ya mbwa ni dawa. Kulamba kwa saa nzima kunamomonyoa ngozi mpya na kuingiza vijidudu vya mdomoni. Omba ile koni ya shingoni kwa kikundi au kliniki. Siku ya kwanza atagonga kuta zote na kukutazama kwa huzuni. Siku ya tatu atazoea.

Na apumzike. Mahali pake pawe na kivuli kutwa nzima, pawe na blanketi au mkeka mnene juu ya saruji, maji karibu ili asitembee kuyafuata. Chakula kiwe kamili cha mbwa. Mabaki ya pilau na biriani yana vitunguu na zabibu, na vyote viwili ni sumu kwake.

Bibi anauliza: na tohara je?

Swali hili halikwepeki, na kijana asilikasirikie. Bi mkubwa anaswali chumba cha mbele, ana haki ya kujua nyumba yake ikoje. "Mjukuu wangu, huyo mbwa sina ugomvi naye. Lakini mkono ulioshika mate yake ndio huohuo unaonipa chai?"

Jibu la vitendo ni kupanga. Mbwa awe na chumba cha uani au pembe ya hoshi yenye kivuli, mlango wake mbali na njia ya wanaoswali. Awe na taulo zake, bakuli zake, ndoo yake, na nguo moja ya kazi inayovaliwa wakati wa kumfunga na kuvuliwa hapohapo. Glavu zinakidhi mambo mawili kwa pamoja: daktari anazitaka kwa ajili ya kidonda, na wewe unazitaka kwa ajili ya tohara. Kuhusu kuosha kilichoguswa na mate, madhehebu yametofautiana. Mashafii wanajua mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana kauli nyingine. Kila nyumba imuulize shekhe wake ifuate.

Kuhusu kumhurumia lakini, hakuna tofauti. Kisa cha aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa, kimo katika Bukhari na Muslim, na mabibi ndio waliotusimulia. Ukikipanga vizuri, huenda ukamkuta bi mkubwa ndiye anayeuliza jioni, "Keshabadilishwa kitambaa yule?"

Neno moja la haki. Mara nyingi kijana huenda chuo, na mguu wa mbwa anaachiwa dada wa kazi. Asiachiwe. Kama atasaidia, aulizwe kwanza, afundishwe, apewe glavu, na asitwishwe mbwa mwenye maumivu anayemwogopa.

Lini umkimbize

Yapo ambayo hayangojei: unyayo umebanduka wote au sehemu kubwa, damu haisimami baada ya kubana kwa dakika 10, kuna usaha, harufu, au mguu umevimba kwenda juu, mbwa ana homa, hali, au amelegea, nyayo zote nne zimeumia pamoja na pua au macho, au umetibu siku tatu nne na huoni nafuu. Aliyeungua nyayo kwa jua huenda ana joto la mwili pia. Akihema bila kukoma, akipepesuka au akitapika, mloweshe maji, washa AC ya gari, nenda. Huyo anakufa kwa joto, mguu utafuata baadaye.

Kabla ya hapo, malizana na kikundi: nani analipa kliniki, na ipi? Waandikie ujumbe wakujibu kwa maandishi siku ya kumpokea mbwa. Watu wa kujitolea wengi wana makubaliano na madaktari, lakini ukimpeleka unakotaka mwenyewe bila kuwaambia, bili inaweza kubaki mkononi mwako, na urafiki ukaharibika kwa jambo lililokuwa la kheri.

Kurudi kutembea

Magaga ya kawaida huonyesha nafuu ndani ya wiki moja au mbili. Unyayo ulioungua mpaka ndani huchukua wiki kadhaa, na ngozi mpya huja ya waridi, nyororo, isiyo na nguvu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mbwa kachangamka, anaruka, watoto wanamwonea huruma kufungiwa, wanamtoa ufukweni. Changarawe na maji ya chumvi ya bahari vinafungua kila kitu, mnaanza mwanzo.

Mtoe baada ya Alfajiri, kabla jua halijapanda, ndio wakati ardhi imepoa kuliko wakati wowote wa siku. Dakika tano kwenye udongo au nyasi za kweli, kesho saba, wiki ijayo kumi na tano. Ukirudi, mtazame nyayo zote, zifute, zikaushe. Viatu vya mbwa vinafaa kwa safari fupi ya kuvuka lami, vikimwenea na vikivuliwa ndani. Havimpi ruhusa ya kutembea saa saba mchana, kwa sababu joto la hewa lenyewe linamuua.

Siku ya kumkabidhi, wape wanaomchukua habari zote za miguu yake: mguu upi uliumia, dawa gani ilimfaa, ardhi gani bado anaiogopa. Baadhi ya mbwa hawa wanapelekwa nchi za baridi, Uingereza na kwengineko, na ndugu zetu walioko huko wanajua kwamba baridi nayo ina lami yake: chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hukausha na kuunguza unyayo, na dawa ya kuzuia maji ya gari yasigande ni sumu mbwa akiilamba. Huko ataoshwa miguu kwa maji ya vuguvugu kila akirudi, atakaushwa, atapakwa kidogo. Ni kazi ileile ya Muscat, jua tu ndilo limebadilika.

Mpeni pamoja na taulo lake. Harufu anayoijua itamsaidia usiku wa kwanza.